Mtambo wa Jeshi na Fundi wa Nyanza Kusini

Miongoni mwa mambo waliyoyazua wanadamu ili kupitisha wakati wao wa faragha, yako yanayofahamika kwa kila mtu, kama uvuvi wa ndoano, ufugaji wa njiwa na ukusanyaji wa stempu, na yako mengine ambayo msikilizaji akiyasikia mara ya kwanza hudhani kuwa anafanyiwa mzaha. La aina hii ya pili ni lile la mtu mwenye kazi yake ya mshahara, na nyumba yake, na ahali zake, kununua mnadani mtambo wa kuchimbia mahandaki uliostaafishwa na jeshi, akaupeleka uani kwake, akatumia jioni zake na siku zake za mapumziko kuufungua boliti moja baada ya nyingine; wala si kwa sababu ana handaki la kuchimba, bali kwa kuwa kuuona ukinguruma na kutembea tena ni furaha inayomtosha.

Kibla cha uraibu huu ni Marekani, ambako jeshi ni kubwa na minada ya vitu vyake vilivyokwisha kazi haikatiki. Mtambo unaopendwa kuliko yote katika kundi hili hujulikana kwa herufi tatu, SEE, na katika vitabu vya kiwanda huandikwa FLU419. Ili msomaji wa Migori au Homa Bay aupate katika macho ya fikira, na auwaze kwanza ule mtambo wa manjano wenye ndoo pana mbele na mkono mrefu wa kuchimbia nyuma, ambao kwetu huitwa JCB hata ukiwa umeundwa na kampuni nyingine. Kisha auondoe ule mwili wa trekta, wenye magurudumu makubwa nyuma na madogo mbele, aweke mahali pake lori dogo la Mercedes-Benz liitwalo Unimog, lenye magurudumu manne ya kimo kimoja, yote yakisukumwa na injini, na badala ya manjano apake rangi ya kijani iliyofifia. Huo ndio SEE. Lori lilitoka Ujerumani, mkono wa nyuma ulitoka kwa Case, kampuni ya Marekani ya matrekta na mitambo ya ujenzi, na aliyekabidhi kitu kizima kwa jeshi katika miaka ya 1980 ni Freightliner, waundaji wa malori ambao Daimler-Benz iliwanunua mwaka 1981.

Sababu ya kuunganisha vitu viwili vilivyo mbali hivyo ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kukwama nyuma ya tinga katika barabara ya Rongo kwenda Homa Bay. Mtambo wa kawaida wa kuchimbia hauna mbio. Ukitakiwa mbali hubebwa juu ya trela, na trela hutaka lori jingine la kuivuta na dereva mwingine wa kulishwa. Jeshi lilitaka mchimbaji atakayekwenda bega kwa bega na msafara, akifika atie mguu chini na kuchimba mashimo ya askari kujificha kabla adui hajajua walipo. SEE hukimbia kilomita 80 kwa saa au karibu na hapo, hushusha ndoo yake zaidi ya mita 4 ardhini, na fauka ya hayo huweza kuziendesha zana za mkononi, msumeno wa miti na nyundo ya kuvunjia mawe, kwa nguvu ya mafuta yake yenyewe. Uzito wake hukaribia tani 7, na injini yake ni ya dizeli, silinda 6, lita 5.7, nguvu za farasi 110, jina lake OM 352. Nayo ni injini ile ile iliyovuta malori ya Mercedes 1113, kwa hiyo si mgeni kabisa kwa makanika wa kizamani wa Afrika. Mitambo ya SEE iliundwa zaidi ya 2,000, ikaenda hata katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, kisha ikaanza kuzeeka kama askari wengine, na mwaka 2005 jeshi la Marekani likaagiza mchimbaji mpya wa kasi kutoka kwa kampuni ya JCB ya Uingereza.

Hapa kuna jambo ambalo mimi huliona tamu, nalo ni kwamba nasaba ya vyombo hivi haianzi vitani hata kidogo. Unimog ilibuniwa na mhandisi Mjerumani, Albert Friedrich, mara baada ya vita vya pili vya dunia, nchi yake ikiwa magofu na watu wake wakiwa na njaa, na alichokikusudia ni chombo cha mkulima: upana baina ya magurudumu yake uliwekwa milimita 1,270 kwa makusudi, ili uingie sawasawa juu ya matuta mawili ya viazi. Majeshi yalikipenda baadaye. Kwa hiyo wahubiri wapendao kusema kuwa silaha imegeuzwa jembe, wakiuona SEE unachimba msingi wa nyumba, inawapasa waongeze kuwa jembe hilo lilikuwa jembe tangu mwanzo, ila liliazimwa.

Na JCB yenyewe? Joseph Cyril Bamford alianza mwaka 1945 katika banda dogo la kukodi mjini Uttoxeter, Uingereza, akiwa na mashine ya kuchomelea iliyokwisha kutumika aliyoinunua kwa pauni 1, na kitu chake cha kwanza kilikuwa trela ya shambani aliyoiunga kwa vyuma vilivyobaki vitani, akaiuza kwa pauni 45. Mwaka 1953 ndipo alipotoa mtambo wake wa kwanza wenye mkono wa kuchimbia nyuma. Takribani wakati ule ule wa trela za Bamford, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey na gari la Jeep la jeshi lililouzwa kwa raia. Gari lile lilipokuwa likichakaa akawaza lije lipi baada yake, na jawabu lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 kwa jina la Land Rover, likiwa na mwili wa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo, na likiwa na rangi ya kijani hafifu iliyobaki katika viwanda vya ndege za vita. Mtu akilitazama Land Rover kuukuu linalopanda na magunia huko Molo au Maralal, anatazama mjukuu wa mnada wa jeshi.

Turudi kwa mwenye uraibu wetu. Jeshi la Marekani lina idara nzima ya kuondoa mali isiyotakiwa, yenye makao Battle Creek katika jimbo la Michigan, na magari yake huuzwa kwa mnada kama yalivyo na pale yalipo, bila dhamana, bila ahadi, aghalabu bila ufunguo. Mnunuzi huletewa chombo kilichokaa uwanjani miaka mingi, kikinyeshewa na kupigwa jua, na saa zake za kazi zikiwa chache mno. Na ni katika uchache huo wa saa wanyonge wa elimu hii hudanganyika, wakidhani kuwa mtambo usiofanya kazi ni mtambo mzima. La. Chuma huchakaa kwa kazi, lakini mpira huchakaa kwa kukaa, na mtambo huu uhai wake uko katika mpira.

Kwa asiyeyajua mambo haya, maelezo yake ni mepesi. Injini huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta mazito kupitia mipira minene hadi kwenye vali zilizo chini ya vile vishikio anavyovivuta mwendeshaji. Vali ikifunguka, mafuta huingia katika silinda ndefu ya chuma na kuisukuma fimbo iliyo ndani yake, na kwa kuwa mafuta hayakubali kubanwa yakapungua kimo, fimbo haina budi kwenda, na ikienda mkono hunyooka au hukunjika. Ni kama bomba la sindano la daktari, ila hapa kinachosukumwa ni ndoo iliyojaa mawe. Kinachozuia mafuta yasipite pembeni ya fimbo ni pete nyembamba za mpira, ambazo mafundi huziita sili, na sili isiyolainishwa na mafuta kwa miaka kumi hukauka, hupasuka, na siku mtambo uwashwapo kwa shangwe ya jamaa na majirani, mkono huinuka hatua mbili kisha hushuka wenyewe polepole huku mafuta yakitiririka. Mitungi ya breki nayo huwa imeshika kutu kwa ndani. Tangi la dizeli huwa limeingia maji na kuota utelezi mweusi unaoziba chujio kila baada ya mwendo mfupi. Panya huwa wamekula nyaya. Na umeme wenyewe ni wa volti 24, kama ilivyo desturi ya magari ya kijeshi, ambapo betri mbili hufungwa pamoja, kwa hiyo fundi mwenye haraka akileta stata au taa ya volti 12 ataiunguza kwa sekunde moja na kulaumu Wajerumani.

Yako pia magonjwa ya Unimog peke yake. Ekseli yake haipiti katikati ya gurudumu kama ya lori jingine, bali hupita juu zaidi, na gia zilizofichwa ndani ya kitovu cha kila gurudumu huushusha mzunguko hadi chini. Hiyo ndiyo hila inayoliinua tumbo la gari juu ya visiki na matope. Hila hii ina gharama yake, kwa maana kila kitovu kina mafuta yake, na sili zake, na sili ikivuja bila kutambuliwa gia hulia kwa muda kidogo kisha hunyamaza kwa ubaya. Mwenye mtambo makini huvikagua vitovu vyote vinne kwanza, kabla ya kupaka rangi. Na asiye makini huanza na rangi.

Kinachonifanya niustahi uraibu huu, ingawa mimi si tajiri wa kuuingia, ni elimu iliyouzunguka. Jeshi halikuuza vyuma tu, liliandika vitabu. SEE ina mfululizo wa vitabu vyenye nambari TM 5-2420-224, cha mwendeshaji, cha fundi wa kikosi na cha karakana kubwa, ambamo kila boliti imechorwa, imepewa nambari, na kuambiwa ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Aidha, tangu mwaka 1951 jeshi lile lilitoa jarida dogo la kila mwezi liitwalo PS, lililofundisha matunzo ya vyombo kwa katuni, na aliyechora katuni hizo miaka ishirini ya kwanza ni Will Eisner, mmoja wa mabingwa wakubwa wa sanaa hiyo ulimwenguni. Fikiria serikali iliyotambua kuwa askari kijana hatasoma waraka mkavu juu ya grisi, ikamwajiri msanii amchekeshe hadi aipake! Natamani wizara zetu zenye mitambo zingalikuwa na msanii mmoja wa namna hiyo.

Maana sisi pia tumeyaonja mabaki ya vita, na ladha yake ilikuwa chungu. Mwaka 1946 John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aliongoza ujumbe uliotazama kama inawezekana kulima karanga kwa wingi mkubwa ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula, na mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa. Azma ilikuwa kulima ekari milioni 3 na ushei. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa ikiyatafuta. Basi yakanunuliwa matingatinga na matrekta ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yamelala Ufilipino, na kiwanda cha Vickers-Armstrongs kikavua mizinga vifaru vya Sherman na kuvifanya matrekta ya kuvutia majembe, vikaitwa Shervick. Mwanzoni mambo yalionekana mazuri. Walakini mibuyu ya Kongwa ilikuwa minene, vichaka vyake vilisukwa kwa mizizi, na udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Kabla mwaka 1947 haujaisha, matrekta mawili kati ya kila matatu yalikuwa yamesimama. Vyombo vya Ufilipino vilikuja bila historia, vikiwa vimechoka tayari, spea zake zilikuwa bandari nyingine za dunia, na waliopewa kuviendesha walikuwa ndio kwanza wanajifunza. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikunja jamvi, baada ya kumwaga pauni milioni 36 hivi.

Watu wengi wameihukumu Kongwa kwa hesabu ya karanga. Mimi naihukumu kwa hesabu ya karakana. Mtambo uliokwisha kazi jeshini ukimwangukia mtu mmoja mwenye subira, atakayeujua kwa jina la kila boliti, huweza kuishi miaka arobaini zaidi; ukiangukia mpango wenye haraka, wenye hesabu kubwa na ratiba iliyopangwa London, huwa mzigo wa skrepu kabla ya mvua ya pili. Bei ya mnadani ndiyo sehemu ndogo kabisa ya gharama yake. Sehemu kubwa ni muda, na muda ndio kitu ambacho mwenye uraibu anacho na mkandarasi hana.

Je, Migori na Homa Bay zina nini cha kusema katika habari hii? Zina mengi, hata kama mtu hatauona SEE ukipita Awendo. Nchi iliyokuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, hata Migori ilipokatwa mwaka 1992, ni nchi iliyozoeana na mitambo kuukuu. Nyatike palikuwa na machimbo ya Macalder, ya dhahabu na shaba, yaliyoanza zama za wakoloni na kufungwa mwaka 1966. Na ili kuyapa umeme, katika miaka ya 1950 palijengwa kituo kidogo kwenye maporomoko ya Gogo, mto Kuja, chenye nguvu ya megawati 2 hivi. Machimbo yakafa, kituo kikabaki, na hata KenGen ilipokirithi mitambo yake iliendelea kuzunguka. Mtu akitaka ushahidi kuwa chuma cha zamani kikitunzwa hakina haya ya umri, asiende Ujerumani, aende Gogo. Kisha likaja shirika la sukari la SONY huko Awendo, ambalo limekuwa likisaga miwa tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na kwa miwa yakaja matrekta ya kuivuta, na kwa matrekta wakaja mafundi walioijua haidroliki kwa kuguswa na mafuta yake moto. Kwenye fuko za ziwa, Mbita, Sori, Muhuru na Homa Bay kwenyewe, wako wa injini za Yamaha za mashua. Na nyuma yao wote kulikuwa na kizazi cha wazee walioingia East African Army Service Corps wakati wa vita vya pili, wakarudi makwao wakijua udereva na ufundi wa malori ya jeshi. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kuutazama mtambo wa vita kama kitu cha kufunguliwa na kufungwa, si kitu cha kuogopwa.

Ndiyo maana neno uraibu, likifika huku, hukaa kwa shida. Mmarekani aliyeufufua SEE wake huutumia kuchimba bwawa la samaki uani, akapiga picha, akaufunika turubai. Mtu wa Rongo akiufufua, hata kama ni mwalimu au karani aliyeufanya kwa raha tu, majirani hawatamwacha alale: huyu anataka shimo la choo, yule msingi wa duka, kikundi cha akina mama kinataka bwawa la kuvunia maji ya mvua, na mchimba dhahabu wa Suna, ambaye maisha yake yote ameshuka chini kwa kamba na sururu, anataka kujua kwa saa moja ni shilingi ngapi. Fundi atamwita mwenye mtambo jaduong', mzee mheshimiwa, hata akiwa kijana wa miaka thelathini, maadam ana chombo kinachonguruma. Simwoni huyu kuwa ameacha uraibu na kuingia biashara. Jioni, wateja wakiisha kuondoka, bado ni yeye anayelala chini ya gari na taa ya mkononi akitafuta tone la mafuta linakotoka, na hakuna anayemlipa kwa saa hiyo.

Katika nchi hii trekta lina heshima hata nje ya shamba. Mwaka 1997 Raila Odinga aliwania urais kwa chama cha NDP, ambacho alama yake ilikuwa trekta, na tangu hapo jina Tinga likamganda.

Lakini heshima haivuki matope. Udongo mweusi wa bonde la Lambwe na wa tambarare za chini za Nyatike, kule Kuja inakofurika, hunata na kumeza wakati wa masika, na chombo cha tani 7, hata kiwe na ekseli za juu namna gani, kikizama hapo hutolewa na chombo kikubwa kuliko chenyewe au husubiri kiangazi. Tumbo lililoinuka husaidia juu ya visiki na mawe, haliupunguzi uzito. Kwa mashimo ya kawaida ya huku, nakiri kwamba trekta la Massey Ferguson lenye mkono wa nyuma ni jepesi zaidi, na spea zake hupatikana hadi vijijini.

Ama kuhusu spea, hali si mbaya kama watu wanavyodhani. Pini na bushi za mkono, ambazo ndizo zinazolika kwanza, hukerezwa upya na fundi yeyote mwenye mashine ya kukerezea, alimradi achague chuma kigumu. Sili hununuliwa kwa kipimo, si kwa jina la mtambo. Mtu huipima fimbo na silinda, akapeleka vipimo Kisumu, au Nairobi katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, akarudi nazo. Mipira ya mafuta hukatwa na kubanwa vichwa vipya papo hapo. Visivyopatikana ni vile vya Unimog peke yake, gia za vitovu na vipande vya giaboksi, na hivyo huagizwa ng'ambo kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Na hapa sina budi kuonya juu ya jambo moja lenye kuua. Mafuta ya haidroliki yakitoka kwa nguvu katika tundu dogo kama la sindano hayaonekani, nayo huweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda huwa kidogo, maumivu huja baadaye, na mkono hukatwa. Tundu la mpira hutafutwa kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kiganja. Wala mtu asiingie chini ya ndoo iliyoinuliwa isiyowekewa gogo.

Kuuleta SEE wenyewe kutoka Marekani ni habari nyingine, na huku ndiko ndoto nyingi zinakozimika. Kanuni za Kenya hazikubali gari lililokwisha kutumika lizidi umri wa miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, nao SEE ni wa miaka ya 1980. Aidha magari yenye usukani wa kushoto hayaandikishwi ila yale ya kazi maalumu. Anayetaka kujaribu mlango huo wa kazi maalumu na apate jibu la maandishi kabla ya kulipa nauli ya meli, asiridhike na la mdomo la wakala. Njia iliyo nyoofu zaidi ni minada ya hapa hapa. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inazitaka taasisi za serikali, kuu na za kaunti, kuviuza kwa utaratibu wa wazi vyombo visivyotakiwa tena, na katika yadi nyingi za nchi hii mna magreda, matinga na malori yaliyoota nyasi kati ya magurudumu. Vingi kati ya hivyo vimeokolewa na wanunuzi wenye macho, vingine vimekwenda kwa wenye skrepu. Na biashara ya skrepu ilipopigwa marufuku kwa miezi michache tangu Januari 2022, kwa sababu ya wizi wa nyaya za umeme na vyuma vya reli, mafundi wa jua kali ndio waliotambua upesi ni kiasi gani cha chuma chao kilitoka katika marundo hayo.

Mwenye kwenda mnadani asiende na fedha zote, aende na fundi. Siku ya ukaguzi na avue kifuniko cha tangi la haidroliki atazame rangi: mafuta yenye weupe wa maziwa yameingia maji, na maji yakiisha kukaa humo pampu huwa imeliwa. Achomoe kijiti cha kupimia mafuta ya injini, anuse kama kuna dizeli. Atikise ndoo kwa wenzo. Pini ikicheza hadi kusikika, bushi zimekwisha, na hilo si kosa kubwa. Aangalie mahali mkono unapoungana na mwili, kama pamewahi kuchomelewa, na hilo ni kosa kubwa. Agonge vitovu, ajaribu kuuzungusha moyo wa injini kwa spana, kwani injini iliyoshikana hujulikana kwa dakika moja, na bei ya kuifungua haijulikani. Kisha, kabla ya kuinua mkono kutaja bei, aulize ilipo logbuku, na kama nambari ya chasi iliyoandikwa humo ni ile iliyopigwa kwenye chuma, maana gari la serikali linalouzwa bila karatasi zake huweza kumchosha mnunuzi katika ofisi za usajili kuliko sili zote za mkono wake. Na dereva atakayeuendesha barabarani na awe na leseni ya daraja la mitambo ya ujenzi na kilimo, kwa kuwa leseni ya gari dogo haimtoshi.